Nani Kaiba Choo?

"Nyumba hii haina choo."

Hapo ndipo tulipowaacha Jumapili iliyopita, msomaji wangu: Mchoraji wa ramani kashika penseli hewani, na familia nzima imeinamia meza yake kama watu wanaochungulia kisima baada ya simu kutumbukia.

Naam. Vyumba sita, veranda mbili, stoo moja, na choo hakuna.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Fundi Saa, baba mwenye nyumba, ingawa nyumba yenyewe bado ni karatasi. Huyu ni mtu wa skrubu ndogondogo. Ametengeneza saa za watu tangu ujana wake, na kitu kikipotea huwa haamini kwamba kimepotea.

"Tafuta vizuri," alisema. "Labda kiko nyuma ya karatasi."

Mchoraji akaigeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

"Labda kiko chini ya kikombe," alisema Shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wa Fundi Saa. Alikuja kwa wiki mbili, miaka mitatu iliyopita, na mpaka leo ukimuuliza anasema yeye hakai, anapita tu.

Mchoraji akainua kikombe. Palikuwa na duara dogo la kahawia.

"Si hicho hapo?"

"Hiyo ni chai," alisema Mchoraji.

Mama Pacha, mke wa Fundi Saa, alivuta tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake. Yeye ni fundi cherehani, na akikasirika huivuta ile tepu kama anayetaka kumpima mtu sanda.

"Ramani ya kwanza ilikuwa na choo. Nilikiona kwa macho yangu haya. Kilikuwa hapa, na sinki lake, na kidirisha chake."

"Kilikuwepo, mama," alisema Mchoraji. "Mita mbili kwa mbili. Choo cha heshima."

"Kimekwenda wapi?"

"Kimemegwa."

"Na nani?"

Mchoraji akafungua droo, akatoa daftari, kisha akalifunga tena. "Mnataka niseme mbele ya watu?"

"Sema!" walisema wote kwa pamoja. Baadaye kila mmoja alijuta.

"Mwezi uliopita, Jumatatu, baba alikuja peke yake. Alitaka karakana yake ya saa iongezwe sentimita sabini. Nikamuuliza nizitoe wapi. Akasema, 'Punguza pale chooni, hawatajua.'"

Shingo ya Mama Pacha iligeuka polepole.

"Hawatajua?"

"Nilikuwa na maana ya wageni," alisema Fundi Saa.

"Alhamisi akaja mama."

Shingo ya Mama Pacha ilirudi haraka.

"Alitaka chumba cha kushonea kiingie meza ya kukatia vitambaa. Nikamwambia choo kinabana. Akasema choo si ukumbi wa harusi, watu hawaendi kule kucheza."

Hapo Bibi akagonga sakafu kwa mwavuli wake. Bibi ni mama mzazi wa Fundi Saa, na mwavuli huo hautembei naye kwa ajili ya mvua.

"Aibu! Watu wazima na watoto wenu, mnaibiana choo!"

"Na Ijumaa akaja bibi," alisema Mchoraji.

Mwavuli ukatulia.

"Alitaka dirisha."

"Kidirisha," alisema Bibi.

"Cha mita mbili na nusu, bibi. Ukuta wa chumba chako haukutosha, ikabidi niusogeze. Baada ya hapo choo kilibaki na upana wa sentimita sitini. Mtu asingeweza kukaa. Angeweza kusimama, tena kwa upande. Niliona haya kuandika neno choo pale. Nikaandika kabati."

Wote wakainama tena. "Kabati liko wapi?" aliuliza Mama Pacha.

Mchoraji alimtazama Shemeji. Shemeji naye alikuwa amegundua kitu cha maana sana darini.

"Stoo ilipanuka," alisema Mchoraji.

"Stoo ni ya nyumba nzima," Shemeji alijitetea. "Mimi nilikuwa nawafikiria ninyi."

Fundi Saa akabandika jichoni kile kioo chake cha kukuzia. Akaikaribia ramani mpaka pua ikagusa karatasi.

"Stoo gani ina soketi nne? Na hii ni ya nini? Televisheni?"

"Vitu vya stoo navyo huchoka kukaa kimya," alisema Shemeji.

Msomaji, wakati wa kucheka haukuwapo. Fundi Saa alikunja mkono wa shati. Ana saa tatu kwenye mkono mmoja, mbili kati yake za wateja, na zote tatu zilisema saa tano na nusu asubuhi. Ofisi ya vibali vya ujenzi inafungwa saa tisa. Leo ndiyo siku ya mwisho kupokea ramani, na kamati ya vibali hukaa mara mbili tu kwa mwaka. Ukiikosa leo, unangoja miezi sita. Na mwenye nyumba waliyopanga ameshaiuza. Amewapa miezi mitano wahame.

Piga hesabu mwenyewe.

"Kirudishe choo tuondoke," alisema Fundi Saa.

"Nitakirudisha. Nani anapunguza chumba?"

Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa upendo mkubwa.

"Na kuna jingine," alisema Mchoraji.

Watu wa namna hii sikuzote wana jingine. Alichomoa karatasi ya makisio kutoka chini ya kikombe kilekile. "Mliniambia mna milioni thelathini. Nimejumlisha mambo yenu yote ya siri. Imefika arobaini na moja."

Mama Pacha alikaa chini. Fedha hizo zimewekwa miaka kumi na mmoja, gauni kwa gauni, saa kwa saa.

"Arobaini na moja pamoja na choo?" aliuliza Bibi.

"Bila choo, bibi."

"Kitambaa mita tatu," alisema Mama Pacha taratibu, "na kila mtu anataka gauni la kuburuza."

Kisha akasimama ghafla. Tepu ilikuwa imerudi shingoni.

"Mteja akiniambia nguo itambana, mimi sibishani naye juu ya karatasi. Namwambia, vaa tuone. Twendeni kiwanjani. Tukaivae hii nyumba!"

Gari la Mchoraji ni dogo na lina umri wa kuheshimiwa. Bibi alikaa mbele. Wengine walikaa walivyokaa. Njiani walisimama mara moja, wakanunua mfuko wa chokaa na bunda la kamba, na saa sita na dakika kumi walikuwa kiwanjani, kila mmoja akijigamba kimoyomoyo kwamba chumba chake kitaonekana kinafaa kuliko vya wengine.

Wakapigilia vigingi. Wakavuta kamba. Mchoraji akapita nyuma yao akimwaga chokaa. Nusu saa haikuisha, nyumba nzima ilikuwa imelala chini kwa mistari myeupe.

"Kila mtu aingie chumbani kwake," alisema Mchoraji.

Fundi Saa aliruka mstari kwenda kuokota nyundo.

"Wewe!" Bibi alipiga kelele. "Umepita ukutani! Rudi! Upite mlangoni kama mtu aliyelelewa!"

"Mama, ni chokaa."

"Rudi!"

Fundi Saa, mwenye miaka arobaini na minne, alirudi nyuma, akazunguka, akasimama penye uwazi, akagonga hewa.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," alisema Bibi, roho yake ikatulia. Akasogeza tofali, akakaa kando ya dirisha lake la mita mbili na nusu, mikono juu ya mwavuli, akitazama barabara. Mwanamke mmoja alipita na ndoo.

"Shikamoo bibi. Mbona umekaa juani?"

"Marahaba. Sijakaa juani, niko ndani."

Yule mwanamke aliongeza mwendo.

Upande wa pili Shemeji alijilaza stoo kuona kama anaenea. Kichwa kilienea. Tumbo lilienea. Miguu ilivuka mstari ikaingia jikoni, na Mama Pacha, aliyekuwa akijizoeza kugeuka kutoka kwenye jiko kwenda kwenye sinki, akamkanyaga kifundo.

"Mama yangu!"

"Mguu wa nani jikoni kwangu?"

"Wa stoo!"

"Stoo haina miguu!"

Mchoraji alipiga makofi. "Ndugu zangu, saa saba imeshapita. Nimepima kila kona. Dawa ni moja. Karakana ya saa na chumba cha kushonea, mmoja wenu akiacha chake, choo kinarudi na milioni saba zinaokoka. Vinginevyo mimi nakunja kamba zangu."

Fundi Saa akamtazama mkewe. Mama Pacha akamtazama mumewe.

"Twende chumbani tukazungumze," alisema Mama Pacha.

Wakaingia chumbani, kwa kupitia mlangoni, wakasimama katikati ya mstatili wao. Waliteta kwa sauti ya chini. Watu watatu waliobaki, kwa adabu, walitazama pembeni na kutega masikio.

"Acha karakana," alisema Mama Pacha.

"Acha chumba cha kushonea."

"Kwanza niambie. Ulitaka karakana ya nini? Umechoka kukaa chumba kimoja na mimi?"

Ijulikane, msomaji, kwamba miaka yote kumi na mmoja hawa wawili wamefanya kazi chumba kimoja cha kupanga. Meza ya saa dirishani, cherehani ukutani. Cherehani ikikimbia, meza hutetemeka. Meza ikitetemeka, skrubu zenye ukubwa wa punje ya mtama huruka na kupotelea sakafuni.

"Nimechoka?" Fundi Saa alishusha pumzi. "Mwaka jana niliamka usingizini mchana, nikakukuta umepiga magoti sakafuni na tochi, unanitafutia skrubu. Na gauni la bibi harusi limekwama mashineni, mwenyewe yuko mlangoni anakusubiri. Nikasema moyoni, huyu mwanamke namchosha. Siku nikijenga, nitampunguzia."

Mama Pacha aliishika tepu, lakini safari hii hakuivuta.

"Na wewe," alisema Fundi Saa, "ulitaka chumba cha kushonea cha nini?"

"Wewe hujioni ukifanya kazi. Nikianza mshono mrefu unainua mikono yote miwili hewani, umeshika kile kibano chako, unangoja nimalize. Hunigombezi. Unangoja tu, kama mtu anayeombewa dua. Nikasema, namharibia mume wangu kazi. Siku tukijenga, nitahamisha kelele zangu."

"Kwa hiyo hukukitaka hicho chumba?"

"Nikitake cha nini? Nikashone na nani?"

"Na mimi skrubu nitatafutiwa na nani?"

Walitazamana. Fundi Saa alianza kucheka, kicheko cha kijinga cha mtu aliyetumia mwezi mzima kuchora ukuta asioutaka. Mama Pacha akampiga bega, akacheka naye.

"Chumba kimoja, basi!" sauti ya Bibi ilitoka upande wa pili. "Wamekubaliana chumba kimoja! Mchoraji, andika kabla hawajageuka!"

"Mama! Tuko chumbani!"

"Ukuta wenu ni chokaa, mwanangu, mnataka nizibe masikio kwa nini?"

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Karakana ikaingia chumba cha kushonea, milioni saba zikaanguka. Veranda ya pili ikakatwa, milioni tatu. Bibi akaombwa apunguze dirisha.

"Kwa nusu mita," alisema, "na pazia nachagua mwenyewe."

"Mita nzima, mama."

"Basi na pazia mnalipa ninyi."

Wakakubali. Stoo ikarudi kuwa stoo ya kweli, ya ndoo na mifagio, bila soketi hata moja. Shemeji hakubisha, jambo lililomtia dada yake wasiwasi.

Mchoraji alijumlisha juu ya boneti ya gari. Akajumlisha tena. "Na choo, mita moja na nusu kwa mbili. Milioni thelathini na laki mbili."

"Laki mbili!" Fundi Saa alijipiga paja. "Tumeteremka mlima mzima, tumekwama kwenye kokoto!"

"Toeni sinki," alisema Bibi.

"Tutoe mlango," alisema Mchoraji, kisha akaona macho yao. "Nilikuwa natania."

Ndipo Shemeji alipotia mkono ndani ya soksi. Alitoa bahasha iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya ramani.

"Laki mbili na elfu kumi," alisema. "Hizo elfu kumi naomba mnirudishie."

"Umezitoa wapi?" Mama Pacha alimkodolea macho. Ndugu yake huyu hajawahi kununua hata kiberiti.

"Nauza makava ya simu stendi. Miezi minane sasa. Nilikuwa naweka za kupanga chumba. Nilitaka nihame kabla hamjaniambia nihame."

Fundi Saa alivua kioo chake, akakifuta, ingawa hakikuwa na vumbi. Alikuwa ameshajiandaa wiki nzima kumwambia ahame.

"Nani amekwambia uhame?" alisema Bibi kwa ukali. "Sebule ina kochi. Si unapita tu? Utapitia hapo."

"Ahsante, bibi."

"Lakini stoo ni stoo."

"Ndiyo, bibi."

Mchoraji alipangusa, akachora, akapuliza vumbi la kifutio. Choo kilipata mahali pake, pale mbele ulipokuwa mlango mkubwa. Mlango ukahamia ubavuni. Hakuna aliyeuliza. Mtu aliyekosa choo kutwa nzima hashindani na mlango.

"Ndani ya gari!" alipiga kelele Fundi Saa. "Saa nane na dakika ishirini na tano!"

Walifika ofisi ya vibali saa tisa kasoro dakika sita kwa saa tatu za Fundi Saa, na kasoro dakika tatu kwa saa ya ukutani.

"Saa yenu inakwenda mbele," Fundi Saa alimwambia Karani, akihema.

"Hapa hiyo ndiyo saa," alisema Karani. "Leteni."

Karani aliitandaza ramani. Kidole chake kilitembea chumba kwa chumba, na nyuso tano zilitembea nacho.

"Vyumba vya kulala, sawa. Jiko, sawa. Hiki ni nini?"

"Choo!" walijibu wote kwa fahari, kama wazazi wanaoitwa kupokea zawadi ya mtoto shuleni.

"Sawa." Karani alichovya muhuri kwenye wino, akauinua. Mama Pacha akafumba macho. Muhuri ulishuka, ukashuka, ukasimama upana wa kidole juu ya karatasi.

"Mlango wa mbele unatokea wapi?"

"Ubavuni," alisema Mchoraji kwa sauti ndogo.

"Ubavuni ni kiwanja cha jirani. Mtapitaje kwa mtu? Lazima mwenye kiwanja atie saini kwamba ameridhia."

"Lakini pale ni vichaka vitupu!" alisema Fundi Saa. "Hatujawahi kumwona mtu."

"Vichaka vina mwenyewe." Karani alivuta kitabu kikubwa cha viwanja, akalamba kidole, akafunua. "Tena mna bahati. Alikuwa hapa juzi Jumanne kulipia kodi ya ardhi. Mzee mmoja mchangamfu sana. Jina lake..."

Akalisoma. Majina matatu, moja baada ya jingine.

La kwanza lilikuwa lile ambalo Fundi Saa huliandika katikati ya jina lake. La pili lilikuwa lile analoliandika mwisho. Fundi Saa alishika ukingo wa kaunta.

"Rudia."

Karani akarudia.

"Hilo ni jina la baba yangu," alisema Fundi Saa. "Lakini baba yangu alifariki nikiwa na miaka sita."

"Basi marehemu ana mwandiko mzuri," alisema Karani, akakigeuza kitabu. "Saini yake hii hapa. Ya juzi."

Nyuso nne ziligeuka nyuma kwa pamoja.

Bibi alikuwa ameufungua mwavuli, ndani ya ofisi, chini ya dari, na amejificha nyuma yake mpaka kiunoni.

"Mama," alisema Fundi Saa. "Si uliniambia baba amekufa?"

"Sikusema amekufa." Sauti ilitoka nyuma ya mwavuli. "Nilisema ametutoka. Na kweli alitutoka, na begi lake. Majirani wakaleta pole. Ningezirudisha vipi?"

Karani aliweka muhuri chini. Akaenda mlangoni, akageuza kibao kilichosema TUMEFUNGA kikatazama ndani, akarudi akavuta kiti chake karibu.

"Anakaa mtaa wa pili kutoka hapa, nyumba ya bati la kijani," alisema. "Kwa jambo hili, leo sifungi mpaka mrudi naye."

Mwavuli ulishuka taratibu. Nyuma yake Bibi alikuwa anajifunga kitambaa chake cha kichwa upya, upande huu, halafu upande ule.

"Mtaa wa pili, umesema?" aliuliza. "Nani ana kioo?"